Jozi iliyovaliwa mara tisa: kubandika raba au kuiacha ngozi ikanyage chini

Shemeji yangu alifika jioni na viatu ndani ya mfuko wa nguo, akaviweka juu ya meza yangu vimelala kifudifudi, soli juu.

"Shemeji, nibandikie raba usiku huu huu. Kesho nasafiri navyo."

Nikamwambia hata salamu hajamaliza. Akacheka, akavuta kigoda.

Vilikuwa viatu vyeusi vya kamba, vya kushonwa, soli ya ngozi tupu tangu nchani. Kisigino nacho kilikuwa cha matabaka ya ngozi, na kona ya nyuma imepachikwa kipande cha raba kama ilivyo kawaida ya viatu vya aina hiyo. Alikuwa amevivaa mara tisa. Idadi hiyo aliijua bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo viatu vyake vya kwanza vya soli ya ngozi na kila alipovivaa ilikuwa tukio.

Mashtaka yake yalikuwa matatu. Aliteleza kwenye ngazi za kazini, zile za vigae vilivyong'arishwa mpaka unajiona, akanusurika kwa kukumbatia ukuta. Siku moja kabla ya kuja kwangu alinyeshewa njiani, soli ikanywa maji hadi soksi zikalowa. La tatu ndilo lililomuuma hasa: ncha ya kiatu cha kulia ilikuwa imelika. Mara tisa tu!

Alikuja pia na ushauri wa watu wawili wanaopingana. Mwenzake kazini, mpenda viatu wa kweli, alimwonya kwamba kubandika raba ni kukiua kiatu: ngozi haipumui tena, jasho linabaki ndani, kiatu kinaoza. Fundi mmoja naye alimwambia raba hubandikwa siku ileile kiatu kinapotoka kwenye boksi, kabla hakijagusa ardhi. Wote wawili walizungumza kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali la pili.

Sikumjibu. Niliwasha taa kwanza nikaangalia kiatu kimeunganishwaje, maana nusu ya jibu imo humo.

Soli ya ngozi hufungwa kwenye kiatu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni gundi peke yake. Viatu vingi vyepesi vya kike na vingi vya kiume vya bei ya chini viko hivyo. Ya pili ni mshono wa Blake, uliotokana na mashine aliyoisajili Mmarekani Lyman Blake mwaka 1858: uzi unatoka ndani ya kiatu, unapenya soli ya ndani na ya nje kwa mara moja. Ukichungulia ndani ya kiatu cha Blake, ukaondoa kitambaa cha juu, utauona uzi umelala pale ambapo mguu unakanyaga. Ya tatu ni ile inayoitwa Goodyear: ukanda mwembamba wa ngozi unashonwa kuzunguka kiatu, ukiunganisha ngozi ya juu na soli ya ndani, kisha soli ya nje inashonwa kwenye ukanda huo kwa mshono wa pili ulio nje kabisa. Soli ikiisha, fundi anakata mshono wa nje tu, anatoa soli nzee, anashona mpya. Mwili wa kiatu hauguswi.

Viatu vya shemeji vilikuwa vya aina hii ya tatu. Juu ya ukanda mshono ulionekana ukizunguka kama mchwa waliojipanga, na ndani hapakuwa na uzi wowote. Chini, uzi ulilala ndani ya mfereji wa wazi, haukufichwa kwa kipande cha ngozi kama wafanyavyo watengenezaji wengine.

Hapa nilimtania kidogo. Goodyear wa mshono huu ni Charles Goodyear mdogo, ambaye mashine yake ilienea katika miaka ya 1870. Baba yake, Charles Goodyear mkubwa, ndiye aliyegundua mwaka 1839 namna ya kuichemsha raba na salfa isiyeyuke kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Kwa hiyo anayebandika raba chini ya kiatu cha Goodyear anamrudisha baba chini ya miguu ya mwanawe. Shemeji hakucheka. Aliuliza: "Sasa unabandika au hubandiki?"

Nilibonyeza soli kwa kidole gumba, katikati ya sehemu pana, pale chini ya mfupa wa dole gumba la mguu. Ilikuwa ngumu. Soli iliyokwisha hubonyea hapo kama ganda la embe lililoiva kupita kiasi, na ukifika hapo kubandika raba ni kupaka rangi nyumba iliyooza mbao. Soli hii ilikuwa na uhai wake wote, karibu milimita 5 za ngozi, isipokuwa nchani. Kule nchani kulia ngozi ilikuwa imeliwa kwa mshazari, na nyuzi mbili tatu za mshono zilikuwa zimechomoza vinyweleo. Bado hazijakatika.

Nilimweleza kwamba hilo halikuwa kosa la kiatu wala la mwendo wake. Soli mpya ya ngozi ni ngumu kama ubao. Mguu unapojisukuma mbele, soli iliyozoea hujikunja, lakini mpya inakataa, hivyo uzito wote unamalizikia nchani na ncha inasaga chini. Ngozi ikishajifunza kukunjika, kasi ya kulika hushuka sana. Ndiyo maana ncha huliwa vibaya katika siku za mwanzo, na kwa wengi mguu mmoja hutangulia mwenzake.

Kisha nikakiweka kiatu shavuni. Soli ilikuwa ya baridi.

Watu huliona jambo hili kama mzaha, lakini sijui kipimo rahisi kuliko hicho. Ngozi kavu ikigusa shavu haina baridi ya pekee. Ngozi yenye maji ndani yake, hata kama kwa macho na kwa vidole inaonekana imekauka, hukupa ubaridi wa mtungi. Nilichomeka gazeti lililokunjwa ndani ya kiatu, tukazungumza kama saa moja, nikalitoa. Lilikuwa limelegea.

"Usiku huu sibandiki," nikamwambia. "Kesho vaa vingine."

Alikasirika, na sikumlaumu. Lakini gundi inayotumika kazi hii, ile ya njano ya kupaka pande zote mbili na kuiacha ikauke kabla ya kugandamiza, haishiki vizuri ngozi yenye unyevu. Tena mbaya zaidi, ikishika, umeyafungia maji ndani. Raba haiyaruhusu kutoka chini, kwa hiyo yanapanda juu kwenye soli ya ndani na kwenye uzi. Hapo ndipo maneno ya yule mwenzake kuhusu kuoza yanapokuwa ya kweli, ila sababu si ile aliyoitaja.

Hoja ya kupumua inastahili kuangaliwa kwa makini, maana inasemwa na watu wenye akili zao. Ngozi ni kitu chenye vinyweleo, ni kweli, na hupitisha mvuke. Lakini hesabu kilichopo kati ya unyayo na ardhi. Kuna soli ya ndani, ngozi ya milimita kadhaa. Chini yake kuna tabaka la vumbi la vizibo, lile gome jepesi linalofungiwa chupa, lililochanganywa na gundi ili kujaza uwazi unaoachwa na ukanda. Halafu gundi nyingine. Halafu soli ya nje, ambayo ni ngozi ya mgongo wa ng'ombe iliyokolezwa kwa maji ya magome, kama ya mwaloni au miwati, kisha ikabanwa kwa mashinikizo mpaka ikawa ngumu. Uso wake wa chini umepakwa nta au rangi. Jasho halina safari ya namna hiyo.

Nimefungua soli nyingi zilizokwisha, na ninachokiona kinajirudia. Soli ya ndani imekuwa nyeusi pale vidole vilipokaa na pale kisigino kilipokaa, jasho la miaka limechora mguu mzima kama picha. Nikikwangua tabaka la vizibo lililo chini yake, mara nyingi ni kavu na rangi yake bado ni ileile ya hudhurungi. Jasho limeishia juu. Hutoka kupitia ngozi ya juu ya kiatu, kupitia mdomo wa kiatu, na zaidi ya yote hutoka usiku, kiatu kikiwa kimevuliwa na kupumzishwa. Anayevaa jozi moja kila siku ataiozesha iwe na raba au isiwe nayo. Raba nyembamba inayofunika nusu ya mbele tu haibadilishi mambo hayo kwa kiasi ambacho mguu unaweza kukitambua.

Kinachoipenya soli kwa wingi ni maji, na yanatoka chini kwenda juu. Ngozi ikilowa hulainika, na ngozi laini ikisuguliwa na lami hulika kama sabuni. Siku moja ya mvua inaweza kuimaliza soli kuliko wiki nzima ya jua. Kwa hiyo katika kisa hiki hoja ya unyevu, iliyotolewa kama sababu ya kukataa raba, kwangu mimi ilielemea upande wa kuibandika.

Yule fundi wa pili naye ana lake. Kubandika siku ya kwanza kuna faida moja ya wazi: soli ni kavu, safi, haijaingia mchanga. Tatizo ni kwamba bado imenyooka. Ukibandika raba kwenye soli ambayo haijawahi kukunjika, kisha mguu ukaikunja mara elfu kadhaa kwa siku, ngozi na raba zinavutana kila moja upande wake, na mahali pa kuachiana ni kwenye gundi. Ndiyo maana mimi napenda kiatu kivaliwe kwanza siku chache za ukame, soli ipate mkunjo wake na umbo la mguu wa mwenyewe. Mara tisa zinatosha kabisa. Viatu vyembamba vya kike vyenye soli ya milimita tatu hivi iliyogundishwa ni habari nyingine; hivyo nabandika mapema, kwani havina ngozi ya kupoteza. Na kiatu cha Blake sikicheleweshi sana pia, kwa sababu kila tundu la uzi ni mlango wa maji unaoelekea moja kwa moja kwenye soksi.

Basi hukumu ilibaki kwenye swali ambalo hakuna kati ya washauri wake aliyemuuliza: unatembea wapi?

Akanisimulia. Asubuhi hushuka kwenye basi, anapita kipande cha changarawe, anaingia kwenye lami, kisha jengo la vigae na ngazi. Mchana anashuka na kupanda ngazi hizo mara nne au tano. Jioni anarudi njia ileile, mvua isimsubiri. Viatu hivi alitaka kuvivaa mara mbili kwa wiki.

Angekuwa mtu wa gari mpaka mlangoni na zulia ndani, ningemwambia aiache ngozi kama ilivyo. Raha ya soli ya ngozi ipo: kiatu ni chepesi, kina mlio wake, kinazunguka kirahisi chini ya mguu. Wacheza dansi wanaitaka hiyo hiyo, na ukimbandikia mcheza dansi raba umemvunja goti, maana mwili unageuka na kiatu kinang'ang'ania sakafu. Lakini changarawe hukata ngozi, mvua huilainisha, vigae humwangusha mwenye kiatu. Kila kipande cha safari yake kilidai raba.

Tulipitia njia nyingine mbili kwanza. Kipande cha chuma nchani kingeokoa ncha, na kikizamishwa sawasawa na soli kinapendeza, lakini kisingemsaidia kwa maji, na kwenye zile ngazi kingempa sehemu ya ziada ya kutelezea, tena kwa kelele. Njia ya pili ilikuwa kuitumia soli ya ngozi mpaka iishe, halafu kushonewa soli nzima ya raba, mfano zile zenye vifundo vya duara za Dainite ya Uingereza. Hii ni njia ya heshima na ningemshauri mtu mwenye subira. Ila soli ingemwisha upesi kwa mwendo wake, na kila soli ya nje inapobadilishwa, ukanda unatobolewa upya na sindano. Ukanda huo unavumilia, lakini mara nyingi baada ya soli tatu nne umechoka na unahitaji kushonwa upya, kazi ambayo ni kubwa kweli. Raba inapochukua msuguano, ukanda unapumzika. Hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote, na huwa haisemwi sana.

Akaacha viatu, akaondoka na raba zake za michezo kwenye safari. Nilivilaza ubavu, soli isikalie meza, mahali penye upepo na mbali na moto. Joto la haraka hukausha uso na kuacha maji katikati, tena hupasua ngozi. Siku ya tatu shavu langu halikuhisi baridi, na gazeti lililolala ndani lilitoka likiwa linakwaruza kama jipya.

Nilianza na ncha ya kulia. Nilipunguza ngozi iliyolika kwa mshazari, nikaweka kiraka cha ngozi ya soli kilichochongwa mshazari huohuo, nikakigundisha na kukipiga nyundo mpaka usawa ukarudi. Kisha msasa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa kuwa wengine wanapeleka soli kwenye mashine inayozunguka na kula nusu ya ngozi ndani ya dakika moja. Kinachotakiwa ni kuondoa nta na kuupa uso ukwaruzaji, basi. Kwa kuwa uzi wake ulikuwa kwenye mfereji wa wazi, nilisaga kwa mkono nikiuzunguka. Uzi ukikatwa na msasa hakuna raba itakayoomba msamaha kwa niaba yako.

Gundi pande zote mbili, nikasubiri kama robo saa mpaka kidole kikigusa kisitoke na kitu, nikapaka mkono wa pili kwenye ngozi kwa sababu mkono wa kwanza ilikuwa imeunywa, nikasubiri tena. Nikaipasha raba joto kidogo, nikaishusha kuanzia nchani nikirudi nyuma, kwa sababu gundi hii ikishikana hupati nafasi ya kusogeza. Nyundo, kuanzia katikati kwenda kingoni, hewa itoke. Kisu kuzunguka ukingo, msasa laini, rangi nyeusi, nta. Raba yenyewe ilikuwa nyembamba, chini kidogo ya milimita 2, na iliishia pale kiatu kinapoanza kuwa chembamba kuelekea kisigino. Ukitazama kutoka ubavuni huioni usipoambiwa.

Mbele ikapanda kwa unene huo, kisigino kikabaki chini. Ni kidogo, ila mtu mwenye magoti mabovu anaweza kukihisi. Kipande cha raba cha kisigino kilikuwa kimeanza kuliwa hata hivyo, nikakibadilisha siku hiyohiyo, urefu ukalingana.

Akavichukua, akatembea sebuleni, akasema vimekuwa vikimya. Alisikitika kidogo, nadhani, kwa sababu mlio ule ulikuwa sehemu ya alichokilipia.

Kosa lilikuwepo, na lilikuwa langu. Baada ya miezi mitatu alirudi na kiatu cha kushoto, raba imeinuka nyuma, pale inapoishia. Nchani palikuwa pameshika kama pameota. Nilipoikagua nikakuta makali ya nyuma ya raba nimeyaacha manene, sikuyachonga yakawa membamba kama karatasi yakalala sawa na ngozi. Kila aliposhuka ngazi, ukingo wa ngazi uligonga pale na kuyachokonoa. Nilipasha joto sehemu ile, nikafunua kidogo, nikasafisha gundi ya zamani, nikachonga makali, nikagundisha tena. Sikumdai kitu. Alichukua viatu bila neno, ila kabla ya kutoka alivigeuza na kupitisha ukucha juu ya ule mwisho wa raba, polepole, kama mtu anayekagua maandishi ya mkataba.

Mwezi wa kumi na sita raba ilikuwa imepata tundu la ukubwa wa shilingi chini ya dole gumba la kulia. Ameteleza mara moja tu katika muda wote huo, na siku hiyo, anakiri mwenyewe, alikuwa anakimbia akiongea na simu. Niliipasha raba moto, nikaishika kwa koleo na kuivuta kutoka nyuma kwenda mbele. Ilitoka kwa kipande kimoja. Ngozi chini yake ilikuwa kavu na ngumu, uzi mzima kwenye mfereji wake, kiraka cha ncha hakijasogea, na ile mikwaruzo ya msasa niliyoichora kwa mkono wangu ilikuwa bado inaonekana, yote, isipokuwa pale penye tundu.

Nikakiweka shavuni. Nikamwambia hiki naweza kukibandika leo.